Ncha za Kivumbasi

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza, na Konokono amefurahi kana kwamba yeye ndiye aliyeiagiza. Konokono ni mwalimu wetu wa baiolojia. Tunamwita hivyo kwa sababu ya begi kubwa analobeba mgongoni, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Nadhani jina hilo analijua. Nadhani hata analipenda.

Leo ameingia na boksi la miche ya kivumbasi, kila mche ndani ya pakiti ya maziwa iliyokatwa, akasema anayetaka kutengeneza bustani ya wadudu nyumbani kwao anyooshe mkono.

"Wadudu tunao tayari, mwalimu," mmoja akasema. "Wako kitandani!"

Darasa zima likacheka. Ikanyooka mikono mitatu, na mmoja ulikuwa wangu. Sijui ulipandaje, maana mimi sinyooshi mkono hata kama jibu nalijua.

Masharti ni haya: hakuna dawa ya kuua wadudu. Usifagie kila jani linaloanguka. Weka sahani ya maji yenye mawe, nyuki wanywe bila kuzama. Acha kipande cha udongo mtupu kwa wale nyuki wanaochimba. Na juu ya yote, kiache kichanue.

"Kivumbasi ni mwenyeji hapa," alisema. "Kilikuwepo kabla ya babu zenu. Hakitaki kubembelezwa, kinataka kuachwa."

Mwisho wa muhula tutaandika ripoti ya kila mgeni aliyekuja kwenye maua. Nimerudi nyumbani na miche minne nimeikumbatia. Sare yangu inanukia mpaka sasa.

Jumanne, 3 Machi

Nimeipanda nyuma ya jiko, kati ya ukuta na uzio, pale Mama alipokuwa amepanga matofali ya chumba ambacho hakikujengwa. Tangu Mama afariki tulikuwa mimi na Kaka tu. Kaka ni dereva wa lori. Anakuja siku mbili tatu, anaondoka wiki mbili. Tangu Januari tuko watatu, maana ameoa. Kwa hiyo Kaka akiwa safarini, ndani ya nyumba tunabaki mimi na Wifi.

Wifi hanizidi miaka mingi. Ni mtaratibu. "Wifi, chakula tayari." "Asante, wifi." Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Kisha yeye anakula jikoni, mimi nakula mezani na kitabu.

Nilipokuwa nachimba alikuja akasimama kwenye mlango wa jiko. Nikajua anataka kusema kitu. Nikainama zaidi. Alipoondoka nikapumua.

Alhamisi, 5 Machi

Jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani, amenichungulia juu ya uzio na futi yake ya kupimia shingoni.

"We msomi! Hayo majani unapanda ya kufukuzia mbu au ya kufukuzia wifi?"

Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Wifi alikuwa pale pale anaanika nguo. Nilitafuta neno la kusema, sikulipata, nikaingia ndani.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Mche mmoja umelala chini. Nimeuegemeza kwenye kijiti.

Jumapili, 15 Machi

Nimekaa kwenye tofali nyuma ya jiko mchana kutwa. Shina la kivumbasi halikuwa la mviringo kama nilivyodhani, ni la pembe nne. Ukilizungusha kati ya vidole unasikia kona zake. Nimemwona mjusi, buibui mmoja mwenye miguu mirefu, na kereng'ende aliyetua kwenye kamba ya nguo akageuza kichwa kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Nilitamani kuwe na mtu wa kumwambia hilo la namba ya nyumba. Nimeliandika hapa.

Jumatano, 25 Machi

Mbu wameongezeka chumbani kwangu. Labda mvua inawaleta.

Jumamosi, 4 Aprili

Vishada vya kwanza! Juu ya kila tawi kumetokea kitu kama suke dogo la kijani, na ndani yake macho madogo yaliyofumba. Konokono amesema yakianza kufumbuka, nyuki hawahitaji kualikwa.

Jumatatu, 6 Aprili

Vishada vimekatwa. Vyote, kwenye miche yote minne. Nimetafuta chini, hakuna hata kimoja.

Nimekwenda kwa Fundi, nikamuuliza kama kuku wake wanaruka uzio. Ilinichukua muda kusema, na alinisubiri huku sindano ameibana midomoni.

"Kuku wangu?" akasema. "Kuku wangu wavivu, hata mayai wanataga kwa kusukumwa. Kamuulize mtu aliye karibu na mlango wa jiko."

Sikumuuliza mtu. Nimeizungushia miche matawi ya miiba.

Ijumaa, 10 Aprili

Vishada vimetoka upya, vingi kuliko mwanzo. Mvua ndogo.

Jumatatu, 13 Aprili

Vimekatwa tena. Miiba iko pale pale, haijaguswa.

Jumanne, 14 Aprili

Nimempelekea Konokono kijitawi kimoja. Amekitazama kwa ile miwani yake iliyofungwa uzi, akakigeuza, akakinusa.

"Huyu si kuku. Si mbuzi wala panzi," akasema. "Mbuzi hana ukucha wa kidole gumba. Hii imekatwa kwa mkono, juu kidogo ya pacha la majani."

Alitaka kuendelea lakini kengele ililia, na mimi nilishasikia nilichokuja kusikia. Mkono. Nyumbani kwetu kuna mikono ya watu wawili, na mmoja ni mimi.

Nimefikiri njia nzima. Kwa nini afanye hivyo? Sijamkosea. Sijawahi kumjibu vibaya, sijawahi hata kumjibu kwa urefu. Labda ndivyo wanavyoanza. Fundi aliniambia siku Wifi anafika: wifi ni wifi, hata akiwa malaika. Nilidhani ni mzaha.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika haraka, mwandiko utaonyesha.

Leo mvua ilipumzika alfajiri. Nilisikia mlango wa jiko, nikavaa ndala, nikazunguka kwa nje. Nilimkuta Wifi amechuchumaa mbele ya kivumbasi changu. Amekwishachomoa miiba na kuilaza pembeni vizuri, kama mtu anayejua atairudisha. Ameshika kishada kati ya kidole gumba na cha shahada, na kwenye pindo la gauni lake amekusanya vingine, rundo zima.

Alinyanyua uso akatabasamu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alitabasamu.

"Umeamka mapema, wifi," akasema.

Mimi ambaye maneno hunikauka hata nikiulizwa jina langu, leo yalinitoka yenyewe, tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Hicho si chako," nikasema. "Hapa nyuma hakuna kitu chako."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, kama taa inayokawia kuzimika. Akasimama, akatazama lile rundo kwenye pindo lake, asijue aliweke wapi. Mwishowe aliliweka juu ya tofali, taratibu, akakung'uta mikono.

"Samahani, wifi. Nilidhani..."

Sikumuuliza alidhani nini. Niliondoka. Nikiwa chumbani nilisikia sauti ya Fundi ikipanda juu ya uzio: "Kumekucha huko?" Wifi akamjibu, "Hakuna kitu, shangazi, ni mimi tu nimekosea."

Nilijiambia nimeshinda. Nimejiambia mara nyingi tangu asubuhi.

Jumapili, 19 Aprili

Chakula nimekikuta mezani kimefunikwa. Hakuniita.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua kubwa. Mbu wamepungua chumbani kwangu, labda inawazamisha. Maji yameingia jikoni. Wifi ameyatoa kwa ndoo peke yake. Nilimsikia. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wangu muda wote, nikijipanga niseme nini nikitoka. Nilipomaliza kujipanga, sakafu ilikuwa imekauka.

Jumatano, 29 Aprili

Kimechanua.

Maua ni madogo, meupe yenye kivuli cha manjano, kila kishada yakianzia chini kwenda juu. Na wamekuja! Nyuki wa kawaida, wale wa asali, wanaofanya kazi kama wamechelewa. Nyuki weusi wadogo wasiouma, wanaoelea kwanza kabla ya kutua. Kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa, bawa moja limeliwa. Kinyonga amejibanza kwenye uzio anawatazama wote kwa jicho moja moja. Kwenye ule udongo mtupu kuna vishimo, na kwenye kishimo kimoja kuna uso wa nyuki.

Harufu nayo si ile ya majani tu. Jua likipiga baada ya mvua, uwanja mzima unanukia mpaka mtaani; mpita njia mmoja alisimama akatazama huku na huku.

Wifi alikuwa bombani anasuuza masufuria. Nilitaka kumwambia, "Wifi, njoo uone." Ni maneno matatu tu. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Akanyanyua kichwa, tukatazamana, nami nikageukia nyuki.

Jumapili, 3 Mei

Chozi! Ndege mdogo anayeng'aa, amening'inia kwenye kishada akakipindisha mpaka chini. Sijaona mtu yeyote wa kumwonyesha.

Jumamosi, 9 Mei

Kaka amerudi. Baada ya chakula aliniita nimsaidie kuosha kioo cha lori, na lori lilikuwa limeoshwa tayari.

"Wifi yako anasema humtaki," akasema.

"Mimi?"

"Hapana, huyo mwingine aliyesimama nyuma yako."

"Mimi sijasema hivyo, Kaka."

"Ndiyo tatizo. Hujasema hivyo, hujasema vile, hujasema kitu. Ukila umejifunika kitabu. Akiingia, unatoka. Mwenzako katoka kwenye nyumba ya watu tisa, kelele tangu alfajiri. Hapa anaongea na masufuria." Akakamua tambara. "Ananiambia, 'Mdogo wako amesoma, mimi si wa kiwango chake.' Nikamwambia hapana, ana haya tu. Akasema mwenye haya hamwambii mtu hapa hakuna kitu chako."

Nikaanza kusugua kioo kilichokuwa safi tayari. Uso uliniwaka.

"Ulimwambia hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kaka hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema Jumatatu alfajiri ana mzigo wa kupeleka upande wa kwao Wifi, na Wifi ameomba ampeleke akakae kwa mama yake. Nikauliza mpaka lini. Akasema hajui, na Wifi hajui.

"Una kesho nzima," akasema. "Huo mdomo haukuumbiwa kula peke yake."

Jumapili, 10 Mei

Niandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilipiga moyo konde nikaenda jikoni. Wifi anakatakata vitunguu. Nikasema, "Wifi." Akasema, "Abee." Nikasema, "Chumvi iko wapi?" Akanipa kopo la chumvi. Nikarudi nalo chumbani. Nikakaa kitandani na chumvi ya nyumba nzima mapajani, mpaka nikasikia anaitafuta, nikairudisha bila neno.

Mchana nilijaribu tena. Alikuwa anakunja nguo zake. Nilisimama mlangoni nikasema mvua leo haijanyesha. Akasema, kweli, haijanyesha. Tukawa tumemaliza.

Jioni niliandika kwenye karatasi yote nitakayosema, nikayakariri kama shairi la darasani. Nilipotoka, yuko na Kaka uani wanacheka kitu. Sijawahi kumsikia akicheka. Anacheka kwa kushtuka, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Sikuweza kuwakatiza. Nikarudi ndani na shairi langu.

Jumatatu, 11 Mei

Wameondoka. Nilikuwa macho. Nilisikia viatu vyake vikija hadi mlangoni kwangu, vikasimama.

"Wifi," akasema nje ya mlango. "Kwaheri."

Nikasema, "Asante."

Mtu anakuaga, nawe unamjibu asante. Nimelisikia hilo neno siku nzima, katika hesabu, katika jiografia, njia yote ya kurudi.

Kaka akiwa safarini nalala kwa Fundi. Mchana narudi kwetu kumwaga maji kwenye sahani ya nyuki na kufungua madirisha.

Jumatano, 13 Mei

Fundi anaongea hata akilala. Leo aliniambia, "Ukikaa kimya hivyo, mwanangu, kuna siku nitakutandika kitambaa nikidhani meza." Nimecheka, nikaona ameshangaa kuisikia sauti.

Kisha amesema jambo. Amesema ule mzaha wake wa kufukuza wifi haukuwa mzaha mzuri, na kwamba baada ya siku ile Wifi alimwuliza kama ni kweli. "Nilimwambia mimi ni mropokaji, asinisikilize," akasema. "Lakini akaniambia, 'Mbona mwenyewe hakukataa?'"

Jumamosi, 16 Mei

Jua la kwanza la wiki. Nimeamua kufua matandiko yangu. Nilipougeuza mto ili nivue foronya, ukapiga kelele za majani makavu.

Ndani ya foronya, upande wa chini, kulikuwa na kifuko cha kitambaa cha gauni, kimeshonwa kwa mkono. Nimekifungua. Ni ncha za kivumbasi. Vishada vile vile, vimekaushwa kivulini mpaka vimekuwa rangi ya chai, bado vinanukia. Chini ya godoro kuna kifuko kingine. Juu ya fremu ya dirisha, pale nisipofikia, kingine.

Mwezi wa pili nililalamika mezani kwamba mbu hawaniachi nilale. Nilikuwa namwambia Kaka. Lakini mezani hakuwepo Kaka peke yake. Siku hiyo Wifi alikuwa analeta maji ya kunawa. Mimi nilimsahau, yeye hakusahau.

Nimekaa sakafuni na kifuko mkononi. Foronya sikuifua.

Ijumaa, 22 Mei

Siku ya mwisho ya muhula. Konokono alituambia sisi watatu wa bustani tubaki. Wenzangu walileta picha walizochora: kivumbasi chao ni kijiti kimoja kirefu chenye kishada kimoja juu, kama bendera. Changu nilikichora kama kilivyo, kichaka.

"Haya, huyu kafanya nini?" Konokono akauliza. "Yule mkata vishada alikamatwa?"

Nikasema, "Ni wifi yangu, mwalimu."

"Mwambie ana mkono mzuri. Siku ile sikumaliza kukueleza. Ukikata ncha juu ya pacha la majani, kila jani linatoa tawi, na kila tawi linatoa kishada chake. Amekata mara ngapi? Kila mara alikuongezea maua. Nyuki wako hawa wote..." akagonga ripoti yangu kwa kidole, "nusu yao amewaleta yeye. Mwambie."

"Nitamwambia," nikasema.

Amenipa alama za juu. Nimetembea kwenye mvua njia nzima bila kukimbia.

Jumapili, 24 Mei

Mvua. Nyumba imefungwa siku nzima.

Jumanne, 26 Mei

Saa kumi simu yetu ya mkononi imelia, nami nilikuwa nayo nyuma ya jiko. Ni Kaka. Amepita na mzigo upande ule, yuko kwa kina Wifi, anakunywa chai. Nyuma yake nilisikia kelele: mtoto analia, mtu anaita mtu, sahani.

"Nakupa mtu," akasema, na kabla sijakataa akampa.

Wifi akasema, "Haloo."

Nilisikia pumzi yake. Nikajua atasubiri kidogo, kisha atasema haya basi wifi, kwaheri, kwa upole ule ule, nami nitasema asante.

"Wifi," nikasema, "nimekuta vile vifuko."

Nikasikia mlango unafungwa, kelele za nyumba zikabaki nyuma yake.

"Nilikukosea siku ile. Kile kivumbasi nilisema si chako. Mwalimu anasema..." Nikaona najificha nyuma ya mwalimu, nikaacha. "Mimi sijui kuongea. Watu wakiwa mbele yangu maneno yanakimbia. Siku ile ya chumvi sikuwa nataka chumvi."

"Nilijua," akasema. "Nani anakaa chumbani na kopo zima?"

Na akacheka kile kicheko cha maji baridi, kifupi, kikaisha. Kisha akasema, taratibu, kama anayepima: "Ile siku ulinikata, wifi. Nilikuwa napita hapo nyuma kila asubuhi, ndiyo ilikuwa saa yangu nzuri. Hapa kwetu kwa mama kuna watu, nasikia sauti za watu. Sijui kama nitarudi. Sitaki kukudanganya."

"Usinidanganye," nikasema.

Nilisubiri aage. Hakuaga.

"Hapo uko wapi?" akauliza. "Nasikia kitu kinavuma."

"Nyuma ya jiko. Ni nyuki."

"Wengi?"

"Wengi. Wifi, kulikuja ndege..." Nikamweleza chozi alivyopindisha kishada. Nikamweleza kinyonga. Nikamweleza kwamba ukuta wa jikoni umeota ukungu pale maji yalipoingia, na kwamba Fundi anaota anabishana na wateja. Nikamweleza kereng'ende anayetafuta namba ya nyumba. Nilikuwa nasimama kila mara, nikidhani amechoka, na kila nikisimama alikuwa anasema neno moja.

"Endelea."

Nikaendelea mpaka salio la Kaka likakatika katikati ya sentensi.

Jumatano, 27 Mei

Mvua imekoma tangu jana. Jioni nimekwenda dukani kununua salio, nikarudi nikakaa kwenye tofali, nikapiga mimi.